Kabla ya kuuliza ipi ina kasi, uliza nani bado ameishika

Kila tukipokea vijana wapya kwenye timu yetu ya hifadhidata, haupiti mwezi kabla mmoja wao hajanijia mezani na swali lile lile. Mara ya mwisho alikuwa msichana aliyetoka tu kumaliza chuo, daftari mkononi. "Dada, kati ya kumbukumbu ya pamoja ya System V, ya POSIX na ya mmap, ipi ina kasi zaidi?" Nilimwambia avute kiti, nikaagiza chai, tukakaa karibu saa nzima. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye nikiwa kwenye matatu narudi nyumbani.

Jibu la kasi ni fupi. Kumbukumbu ya pamoja ni kipande cha RAM ambacho michakato kadhaa, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, inakitumia kwa pamoja. Kipande hicho kikishapachikwa kwenye mchakato, prosesa haijui tena kilipachikwa kwa njia gani. Inachukua anwani, inaitafuta kwenye jedwali la kurasa (ramani ya vipande vidogo vya kumbukumbu vinavyoitwa kurasa), inafika kwenye RAM. Njia zote tatu zinapita barabara hiyo hiyo. Tofauti ya kasi utakayoiona kwa macho inatokana na ukubwa wa kurasa, na hilo nitalifikia. Swali lenye uzito ni hili: siku mchakato mmoja ukifa ghafla, nani atajua kwamba wengine bado wameishika kumbukumbu ile? Hapo ndipo njia hizi zinapoachana, na mimi nilijifunza hivyo kwa usiku mmoja ambao mpaka leo naukumbuka dakika kwa dakika.

Tuanze na sababu ya kumbukumbu hii kuwepo. Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata ninayoisimamia, kila mteja anayeunganishwa na seva hupewa mchakato wake. Mchakato mzazi, unaoitwa postmaster, hukaa mlangoni, na kila mgeni akibisha, unazaa mtoto wa kumhudumia. Kwa desturi ya Unix kila mchakato una kumbukumbu yake ambayo jirani haioni. Lakini karani wa Kisumu akibadilisha salio la mteja, na mwenzake wa Nairobi akifungua akaunti ile ile sekunde hiyo hiyo, watoto wao wawili lazima waone ukurasa mmoja wa jedwali, kufuli moja, na orodha moja ya miamala inayoendelea. Vitu hivyo vinawekwa mahali pamoja, kila mtoto anapaona. Hapo pakiharibika, hakuna mtoto aliye salama.

MySQL haina mzigo huu kwa sababu wateja wake wote huhudumiwa na nyuzi (threads), yaani kazi nyingi zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato mmoja. Kumbukumbu yao ni moja tangu mwanzo. Oracle kwenye Linux iko upande wa PostgreSQL: michakato mingi inayogawana eneo linaloitwa SGA. Nitaendelea na PostgreSQL kwa sababu ndiyo inayonilisha, na kwa sababu msimbo wake uko wazi, unaweza kwenda kuusoma mwenyewe usiku ukikosa usingizi.

Njia ya kwanza ni ya System V, ile ya Unix ya mwaka 1983. Unaita shmget ukiipa ufunguo ambao ni namba tu, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inakupa kipande, kisha unajipachika kwa shmat. Kipande hicho hakifi na michakato. Michakato yote ikifa, chenyewe kinabaki ndani ya kerneli mpaka mtu akiondoe kwa ipcrm au mashine iwashwe upya. Na kilikuwa na kero iliyotusumbua sisi tulioanza zamani: kikomo cha SHMMAX, ambacho kwenye Linux kwa miaka mingi kilikuja kikiwa megabaiti 32. Unaongeza shared_buffers, yaani ukubwa wa bafa ambamo seva hushikilia kurasa za data, unaiwasha seva, inakataa, unakwenda kuhariri mipangilio ya kerneli kwenye /etc/sysctl.conf, unarudi. Kerneli 3.16 ya mwaka 2014 ndiyo iliyopandisha kikomo hicho juu kiasi kwamba leo vijana hawakijui. Ukirithi mashine kuukuu ya mteja, utakijua.

Njia ya pili ni ya POSIX. Badala ya namba unatumia jina, unaita shm_open, na kwenye Linux jina hilo linatokea kama faili ndani ya /dev/shm, folda inayokaa kwenye RAM. Unaweza kuliona kwa ls, na hilo peke yake linapunguza maumivu mengi ya kichwa. Ila nalo hubaki mpaka mtu alifute.

Njia ya tatu ni mmap isiyo na jina, yenye bendera ya MAP_SHARED. Haina ufunguo wala faili. Mzazi anaiomba kabla ya kuzaa, na kila mtoto anairithi palepale, kwenye anwani ile ile, hivyo kielekezi (anwani ya kitu ndani ya kumbukumbu) alichokiandika mtoto mmoja kinasomeka kwa mwingine bila hesabu yoyote. Wa mwisho akifa, kerneli inaisafisha. Hakuna mabaki.

Ukizipanga hivyo, ya tatu inaonekana imeshinda bila mpinzani, na kweli PostgreSQL ilihamia huko katika toleo la 9.3, mwaka 2013. Tangu hapo hatukuhitaji tena kuhariri sysctl kwa ajili ya SHMMAX. Lakini ingia kwenye seva yoyote ya leo uandike ipcs -m, amri ya kuorodhesha vipande vya System V. Utaona kipande kimoja cha System V bado kipo. Seva yako ina gigabaiti 16 za bafa, na kipande hicho kina baiti 48 au 56 kutegemea toleo. Watu walijenga upya msingi wa nyumba, wakaacha tofali moja la zamani mahali pake kwa makusudi.

Mwambie mgeni akuonyeshe safu ya mwisho ya jedwali lile la ipcs, kabla ya ile ya hali (status). Imeandikwa nattch. Ni hesabu ya michakato iliyoshika kipande hicho sasa hivi, na anayeiweka ni kerneli yenyewe. Mchakato ukifa kwa njia yoyote, hata kwa kill -9 (amri ya kuua mchakato papo hapo), hata ukiangushwa katikati ya sentensi, kerneli inapunguza hesabu. Mchakato wenyewe hauhitaji kuaga. Njia ya POSIX haina huduma hiyo. Mmap isiyo na jina haina hata mlango wa kuulizia, maana aliye nje ya familia hawezi kuifikia. Ndiyo maana zile baiti chache ziliachwa: data yote inakaa kwenye mmap, na System V imebaki na kazi moja tu, kuhesabu waliomo ndani.

Waliokua kwenye ploti za Eastlands watanielewa haraka. Msimamizi wa ploti hapangishi chumba kwa sababu tu amekuta mlango umefungwa na taa imezimwa. Huenda mpangaji wa zamani ameondoka mchana kwa kelele, kila mtu kamwona na godoro begani, kumbe mdogo wake bado amelala ndani. Ukimwingiza mpangaji mpya na vyombo vyake, asubuhi utakuta vita. Msimamizi mzuri anaingia, anahesabu watu.

Mimi sikuhesabu.

Ilikuwa mwaka 2018, tarehe 28, ofisi moja kwenye barabara ya Mombasa ambako nilikuwa nimeajiriwa kusimamia hifadhidata ya malipo. Toleo lilikuwa 9.6. Mwisho wa mwezi mishahara inaingia, watu wanalipa kodi, ada, mikopo, kila kitu kwa siku mbili tatu. Kulikuwa na kazi ya kusahihisha salio, UPDATE moja (amri ya kubadilisha data) inayopita mamilioni ya mistari ya jedwali, na mtu alikuwa ameiwasha saa tatu usiku bila kuniambia. Kufikia saa nne seva ilikuwa haimjibu mteja. Simu inalia, mkubwa wangu yuko upande wa pili, nyuma yake nasikia watu wa huduma kwa wateja. Nikajaribu kuizima seva kwa utaratibu, ikachelewa. Nikasubiri labda sekunde arobaini, ambazo usiku ule niliziona kama nusu saa, kisha nikaupiga mchakato mzazi kill -9.

Mzazi akafa. Nikaiwasha seva upya, ikakataa. Ujumbe wake ulisema kipande cha kumbukumbu ya pamoja kilichokuwepo awali bado kinatumika. Chini yake kulikuwa na ushauri, na katika matoleo ya wakati huo ulikuwa na maana hii: ikiwa una uhakika hakuna michakato ya seva ya zamani inayoendelea kufanya kazi, ondoa kipande hicho cha kumbukumbu au futa tu faili ya postmaster.pid, ambamo mzazi huandika namba yake na ya kipande chake. Ushauri huo una nusu mbili. Mimi nilisoma ya pili. Nikaifuta faili, nikawasha, seva ikainuka, ikajirekebisha kutoka kwenye logi zake za mabadiliko, wateja wakaanza kuhudumiwa. Nikamwambia mkubwa wangu mambo yametulia, nikaenda nyumbani.

Ambacho sikukiona ni yatima mmoja. Mtoto aliyekuwa anaendesha ile UPDATE alikuwa katikati ya kazi, hasubiri mteja, hatazami nyuma. Mzazi alipokufa yeye hakujua. Aliendelea kwa dakika kumi na moja zaidi, akitumia bafa za ile kumbukumbu ya zamani, akiandika kwenye faili zile zile ambazo seva mpya nayo ilikuwa inaziandika kutoka kwenye bafa zake. Familia mbili, data moja, kila familia ikiamini iko peke yake. Kufuli za upande huu hazikuonekana upande ule, kwa sababu jedwali la kufuli liko ndani ya kumbukumbu ya pamoja, na sasa kulikuwa na kumbukumbu za pamoja mbili.

Asubuhi saa mbili karani mmoja aliripoti kwamba mteja ana salio mbili tofauti kutegemea ukurasa anaoufungua. Saa tatu logi ya makosa ikaanza kulalamika kuhusu kurasa mbovu kwenye faharasa. Nikajenga faharasa upya, ikakataa, kwa sababu ndani ya jedwali lenyewe kulikuwa na mistari miwili yenye ufunguo mkuu mmoja, ambao haupaswi kujirudia. Hapo nikajua. Tulirudisha bekapu ya saa kumi na mbili jioni, na miamala yote iliyofuata mpaka asubuhi ile tukairudia kwa kulinganisha na taarifa za malipo, mstari kwa mstari, watu watano kwa siku mbili. Kuna mama aliyekuwa amelipa ada ya mtoto saa moja jioni, na mfumo wetu ukawa unasema hajalipa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Amri ya kunizuia ilikuwa rahisi: ps, kisha kutafuta jina la postgres. Ningemwona yatima amekaa pale, mzazi wake sasa akiwa namba 1, mchakato wa kwanza wa mfumo. Ningempa dakika zake kumi na moja, au ningemuua yeye kwanza, halafu ndipo niiwashe seva. Kipande cha System V kilikuwa kimeniambia ukweli mtupu, nattch ilikuwa haijafika 0, nami nikakiziba mdomo kwa kufuta karatasi iliyoelekeza kiulizwe, yaani postmaster.pid. Matoleo ya sasa yamekazwa: ile sentensi ya kufuta faili imeondolewa, badala yake unaambiwa uzime michakato ya zamani, na hata faili isipokuwepo seva hukitafuta kipande na kukipima. Mjue hilo, lakini msilifanye mto wa kulalia.

Mtaniuliza, kama nilivyoulizwa na yule msichana, kwa nini wasitumie kufuli ya faili wakaachana na System V kabisa. Swali zuri. Kufuli za fcntl, zile za faili za Unix, mtoto hazirithi kutoka kwa mzazi. Mzazi akifa kufuli inaachiliwa, hata kama watoto hamsini bado wako kazini, yaani zingenidanganya usiku ule hasa nilipohitaji kuambiwa ukweli. Tena mchakato ukifunga kielezi chochote cha faili ile, hata kilichofunguliwa na maktaba nyingine usiyoijua, kufuli yake inapotea. Ukiongeza diski za mtandaoni kama NFS, mambo yanazidi kuwa magumu. Nimeona programu zinazoitegemea na zikaishi salama, lakini ni zile zenye mchakato mmoja.

Nikiwa hapo kwenye vifo, jambo jingine ambalo wageni hulichukulia kwa wepesi. Kuupiga kill -9 mchakato wa mteja mmoja tu, "ule unaosumbua", si jambo dogo. Mzazi akigundua mtoto amekufa kifo cha namna hiyo, hawezi kujua kama alikufa akiwa ameshika kufuli au akiwa nusu ya kubadilisha ukurasa. Kwa hiyo anawafukuza watoto wote, anaitupa kumbukumbu ya pamoja, anaijenga upya na kurudia logi ya mabadiliko. Wateja mia tatu wanakatika kwa sababu ya mmoja. Tumia pg_terminate_backend, inayomwomba mtoto aage kwa utaratibu. Na RAM ikiisha, kerneli nayo huua mchakato bila kukuuliza, hivyo kwenye mashine ya hifadhidata weka vm.overcommit_memory kuwa 2, ili isiahidi kumbukumbu kupita kiasi, na umkinge mzazi kwa oom_score_adj ya -1000.

Sasa ukubwa wa kurasa, niliouahidi. Chukua kalamu. Kurasa za kawaida kwenye mashine za x86-64 zina kilobaiti 4. Ukiweka shared_buffers ya gigabaiti 16, hizo ni kurasa 4,194,304. Kila ukurasa unahitaji ingizo la baiti 8 kwenye jedwali la kurasa, yaani megabaiti 32. Hapo wengi huishia wakisema megabaiti 32 si kitu. Lakini jedwali hilo ni la kila mchakato, si la seva. Watoto 400 waliokaa muda wa kutosha kugusa bafa zote wanakula gigabaiti 12.5 za RAM kwa ajili ya ramani tu, hata herufi moja ya data ya mteja haimo. Ukitumia kurasa kubwa za megabaiti 2, kila mtoto anahitaji kilobaiti 64, na wote 400 hawafiki megabaiti 26.

Tulikuwa na mashine Westlands ambayo kila mwisho wa mwezi ilikuwa inaishiwa RAM, na timu ilikuwa imeshaandika ombi la kununua nyingine. Nilifungua /proc/meminfo nikasoma mstari mmoja, PageTables. Ulikuwa zaidi ya gigabaiti 9. Tukahesabu kurasa kubwa zinazohitajika, tukaziweka kwenye vm.nr_hugepages, tukaiwasha seva upya Jumapili alfajiri. Mstari ule ukashuka chini ya megabaiti 100. Ombi la mashine tukalirarua. Kuanzia toleo la 15 huhitaji hata kuhesabu mwenyewe: seva ikiwa imezimwa, uliza kwa postgres -C shared_memory_size_in_huge_pages, itakupa namba.

Kigezo chenyewe ni huge_pages, na chaguo-msingi lake ni try: itajaribu, ikikosa itaendelea kimya na kurasa ndogo. Mimi huweka on kwenye mashine za kazi. Wenzangu wengine hawapendi, wanasema seva itakataa kuwaka usiku wa manane kurasa zikikosekana. Nawaelewa. Ila bora ikatae nikiwa macho naiwasha kuliko ikubali kimya, halafu iniangushe tarehe 30. Na kumbukeni, kwenye Linux kurasa kubwa zinafanya kazi tu ikiwa shared_memory_type ni mmap. Kigezo hicho kiliingia toleo la 12 ili wenye mifumo mingine, kama FreeBSD na AIX, waweze kurudi System V wanakoipata faida. Kwenye Linux kiacheni kama kilivyo.

Jambo jingine dogo la kusoma vizuri: top, amri inayoonyesha michakato na kumbukumbu inayotumia. Safu ya RES inahesabu kumbukumbu ya pamoja ndani ya kila mtoto. Ukijumlisha watoto 100 utapata namba inayozidi RAM ya mashine yote, na nimeona barua pepe za taharuki zilizoandikwa kwa hesabu hiyo. Soma Pss kwenye smaps_rollup ya mchakato, ndiyo inayogawa kwa haki.

Kisha kuna kumbukumbu ya pamoja ya aina nyingine, inayoombwa seva ikiwa tayari inaendelea. Toleo la 9.4 liliileta, na tangu 9.6 ilipoleta maswali yanayogawanywa kwa wafanyakazi kadhaa, inatumika kila siku. Hii haiwezi kuwa mmap isiyo na jina, maana watoto wameshazaliwa. Lazima iwe na jina ambalo ndugu atalitafuta. Kwenye Linux chaguo-msingi ni posix, yaani /dev/shm. Hapa ndipo vijana wanaofanya kazi na kontena, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa na nyingine, huumia. Docker huipa kila kontena /dev/shm ya megabaiti 64. Ripoti inakimbia vizuri kwenye kompyuta yako, ukiipeleka kwenye kontena inaanguka ikisema imeshindwa kupanua kipande cha kumbukumbu kwa sababu kifaa kimejaa. Mtu anakwenda kuangalia diski, anakuta nusu iko tupu, anachanganyikiwa mpaka jioni. Kifaa kilichojaa ni /dev/shm. Anzisha kontena kwa --shm-size inayotosha, na kwenye Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena nyingi, pachika ujazo wa emptyDir wa aina ya Memory mahali pale. Usikimbilie kuzima wafanyakazi sambamba. Hiyo ni kuificha shida.

Na ukisakinisha PostgreSQL kwa kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo, usiiendeshe kwa jina la mtumiaji wa kawaida. Systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, ina mpangilio wa RemoveIPC: mtumiaji wa kawaida akitoka kabisa kwenye mashine, vitu vyake vya kumbukumbu ya pamoja na semafori (ishara za kupangia michakato zamu) hufagiliwa. Seva inaendelea, vifaa vyake vimeondolewa. Kijana mmoja wa mafunzo alihangaika nayo wiki nzima: kila akifunga kompyuta kwenda nyumbani seva inaanza makosa, akiingia asubuhi kuichunguza hapati kitu. Mtumiaji wa mfumo, kama yule anayeundwa na vifurushi vya kawaida, haguswi. Au weka RemoveIPC=no.

Wachache kati yenu wataandika seva zao wenyewe, na natamani wawe wengi zaidi, maana Nairobi ina watu wa kutumia programu za wengine wa kutosha. Kama huna sababu nzito ya michakato mingi, tumia nyuzi, nusu ya haya yote yatakupita. Ukichagua michakato, weka data kuu kwenye mmap isiyo na jina kabla ya kuzaa. Kwenye vipande vya baadaye usihifadhi vielekezi vya kawaida, hifadhi umbali kutoka mwanzo wa kipande, kwa sababu kila ndugu atakipachika kwenye anwani yake. Kufuli za pthread zinazokaa humo zipe sifa ya PTHREAD_PROCESS_SHARED, na pia PTHREAD_MUTEX_ROBUST, ili aliyeishika akifa anayefuata apewe EOWNERDEAD, yaani mwenye kufuli amekufa, badala ya kusubiri milele. Ukipewa jibu hilo usiendelee tu kama hakuna kilichotokea. Umeambiwa kuna aliyekufa akiwa ameshika kalamu. Kagua alichokuwa anaandika.

Nilipomaliza, yule msichana alitaka kuona kwa macho, tukafanya kwenye kompyuta yake, na ningependa kila mmoja wenu afanye. Iwe kompyuta yako, data ya kuchezea. Fungua kikao kimoja uendeshe swali zito la kujumlisha namba, linaloichosha prosesa kwa dakika kadhaa. Usitumie pg_sleep, maana kwenye matoleo mapya anayelala hushtuka mzazi akifa. Kwenye dirisha la pili andika ipcs -m, usome nattch: utakuta idadi ya familia nzima. Muue mzazi kwa kill -9, halafu andika ipcs -m tena. Wasaidizi wote wataondoka mmoja mmoja ndani ya muda mfupi, na namba itashuka, ikome kwenye 1. Jaribu kuiwasha seva, itakataa. Usifute kitu. Tafuta kwa ps huyo mmoja ni nani, andika namba yake kwenye daftari, kisha kaa umsubiri amalize.